Je, Tuifungie Turbo Probox ya Mama?

Toyota Probox inayofanya kazi Kalemie hubeba mzigo ambao walioichora Japani hawakuuwazia. Ilitoka kiwandani na viti vitano na injini ya silinda nne, lita moja na nusu. Ikatumika huko miaka, ikapita bandari ya Dar es Salaam, ikavuka mpaka na kufika kwetu, ikapakiwa magunia ya ndakala, unga wa muhogo na watu waliobanana, kisha ikaambiwa ipande mlima. Siku inapokataa, mwenye gari huanza kuulizia nguvu. Na vijana wa garaji siku hizi wana jibu tayari: tuifungie turbo.

Mjadala ufuatao nimeupanga kwa sauti tano: mama mwenye gari, fundi kijana, fundi mzee, mwalimu wa ufundi na dereva. Watu hawa nimewabuni, lakini hoja zao husikika kweli kila boneti inapofunguliwa. Nami nimejipa ruhusa ya kuingilia kati.

MAMA: Nawashukuru kwa kuitika. Gari hii ndiyo inayolipa karo ya watoto wangu. Nilipoinunua ilikuwa inapanda mlima na mzigo wake bila kelele. Sasa dereva akifika kwenye mwinuko anarudi gia ya kwanza, injini inalia, na abiria wanashuka kusukuma. Huyu mwanangu anasema atanifungia turbo. Mimi sikusoma mambo ya injini, nimesoma hesabu ya soko. Niambieni: nitapata nini, na nitalipa nini?

KIJANA: Mama, injini ni pampu ya hewa. Yako inaitwa 1NZ-FE, ina sentimita za ujazo 1,497. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inavuta hewa mara 3,000, kwa hiyo injini nzima inaweza kumeza karibu lita 4,500 za hewa kwa dakika. Hewa ndiyo inayoamua esansi kiasi gani itaungua, na esansi inayoungua ndiyo nguvu. Gramu moja ya esansi inataka karibu gramu 14.7 za hewa. Ukimwaga esansi zaidi bila kuongeza hewa, utapata moshi mweusi na bujii zilizojaa masizi. Sasa angalia mahali tulipo. Kiwanda kilisema injini hii ina nguvu za farasi 109, lakini hiyo ni kwa hewa ya usawa wa bahari. Ziwa letu la Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, na hewa ya hapa imepungua kwa karibu asilimia 9. Yaani kabla hujapakia gunia la kwanza, farasi kama 10 wamekwisha kupotea. Ukienda kupanda milima ya Marungu, kwenye mita 2,000, umepoteza kama moja ya tano. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, moshi ambao sasa tunautupa bure. Inasukuma hewa ndani, inarudisha iliyopungua na kuongeza juu yake. Tena Toyota wenyewe wamelifanya: TRD, tawi lao la magari ya mwendo, iliuza Japani Vitz RS yenye injini hii hii na turbo, ikatoa farasi 150. Sisemi ndoto, Mama.

MZEE: Mwanangu, umesema vizuri, na hesabu yako ya hewa siipingi. Nakuuliza moja tu: hao farasi 109 umewaona? Hii gari ilikuja imechoka, na hapa imekula vumbi. Mimi nikiletewa gari lisilopanda siongezi kitu kabla sijajua kimepotea nini. Natoa bujii zote nne, naingiza kipimo cha mgandamizo tundu moja baada ya jingine, dereva anapiga stata huku amekanyaga pedali ya mafuta mpaka chini. Toyota hairuhusu tofauti ya zaidi ya kama bar 1 kati ya silinda na silinda. Nikikuta moja iko chini, namimina ndani yake oili kidogo, napima tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimeisha. Kisipopanda, valvu haifungi sawasawa au gasketi ya silinda hedi imeungua. Injini ambayo silinda zake tatu zinafanya kazi na ya nne inabebwa, ukiifungia turbo umeongeza nini?

KIJANA: Kupima nitapima, Papa. Sijakataa.

MZEE: Subiri, sijamaliza. Baada ya hapo naangalia njia ya hewa. Filta imeziba? Ile sensa ya waya inayopima hewa imeshika uchafu? Ikichafuka inaidanganya kompyuta, nayo kompyuta inatoa esansi ya kipimo cha uongo. Kisha njia ya kutokea: gari nyingi za Japani zina katalisti ndani ya ekzosi, na ikiyeyuka au ikiziba injini inakosa pa kutolea pumzi. Kwenye tambarare hutajua. Mlimani utajua. Halafu hii 1NZ ina mfumo wa VVT-i unaoendeshwa na presha ya oili, wenye kichujio kidogo kama ncha ya kidole. Mtu akitia oili ya bei ya chini na kuiacha humo miezi, kichujio kinaziba, na valvu zinafunguka kwa saa isiyofaa. Halafu nashuka chini: klachi inateleza? Breki zinashika wakati hakuna aliyezikanyaga? Na tairi, nani alizibadilisha?

DEREVA: Tulizibadilisha, Papa. Tulitaka gari liinuke, lisigonge mawe.

Hapa namkatiza kila mtu, kwa sababu jambo la tairi hupitwa haraka na ndilo lenye hesabu nyepesi kuliko yote. Tairi ikizidi kimo kwa asilimia 10, kila mzunguko mmoja wa gurudumu hulisogeza gari mbali zaidi kwa asilimia 10, na nguvu ya kuvuta inayofika ardhini hupungua kwa karibu kiasi hicho hicho, katika kila gia. Ni hasara inayokaribia ile ambayo mwinuko wa Kalemie unamnyang'anya Mama, na yeye aliilipia kwa mkono wake mwenyewe ili gari liinuke. Kurudisha tairi za kimo cha kiwanda hakuhitaji turbo wala kompyuta. Ni kweli gari litashuka kidogo na mawe yatakuwa karibu zaidi. Kwa njia za ndani ya mji ningerudisha tairi bila kufikiri mara mbili; kwa njia mbovu za nje ya mji ningepunguza mzigo kwanza kabla ya kuamua.

KIJANA: Sawa. Tuseme nimefanya yote ya Papa: mgandamizo mzuri, njia ya hewa safi, tairi zake. Bado tuna farasi wachache kwa mzigo mkubwa. Kwa nini niogope kwenda mbele, wakati Afrika hii hii imeshuhudia injini za kawaida zikifanya makubwa? Angalia RAV4 ya kwanza, ile ya mwaka 1994. Chini ya boneti ina 3S-FE, lita 2, silinda nne, farasi 135 kwa zile za soko la Japani. Ndugu yake wa familia moja ni 3S-GTE yenye turbo, iliyokuwa ndani ya Celica GT-Four. Ile ya mwaka 1990 ilitoa farasi 225 ikiuzwa dukani. Celica za GT-Four zilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1990, 1992, 1993 na 1994, na katika ushindi wa 1994 aliyekuwa kwenye usukani ni Mkenya, Ian Duncan. Kabla yake Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia kwenye ufundi wa magari, alishinda Safari mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 tu. Na huko Ulaya, BMW walichukua msingi wa injini yao ya silinda nne iliyoanza na gari la familia la BMW 1500 la mwaka 1962, wakaifungia turbo, na mwaka 1983 Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia wa Formula 1 kwa injini hiyo ya lita moja na nusu. Lita moja na nusu, Mwalimu! Ujazo wa Probox ya Mama.

MWALIMU: Mifano yako ni ya kweli, na napenda kwamba umeitafuta. Sasa nenda hatua moja zaidi: uliza kilichobadilishwa ndani. Hiyo 3S-GTE haikuwa 3S-FE iliyofungiwa turbo Jumamosi mchana. Mgandamizo wake ulishushwa mpaka 8.8 kwa 1. Pistoni zake ni nyingine, na chini yake kuna vinyunyizi vinavyozirushia oili zipoe. Silinda hedi ni nyingine kabisa. Sasa geukia 1NZ ya Mama. Mgandamizo wake ni 10.5 kwa 1, kwa sababu iliundwa ivute hewa yenyewe na kubana matumizi ya esansi. Ukiiletea hewa iliyokwisha kubanwa na turbo, kisha pistoni ikaibana tena mara kumi na nusu, joto ndani ya silinda linapanda mpaka mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa bujii haujaufikia. Huko ndiko injini kugonga. Utasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Ukiendelea kukanyaga, kingo za pistoni zinazoshika ringi zinavunjika, na hapo hakuna kurekebisha, ni kununua injini.

KIJANA: Ndiyo maana kuna esansi nzuri, na ndiyo maana nitaweka presha ndogo.

MWALIMU: Esansi nzuri utaitoa wapi? Gari la Mama hujazwa mahali lilipoishiwa: mara kituoni, mara kwenye chupa na vibuyu vya wauzaji wa barabarani, wale ambao Wakongo wengi huwaita kadhafi. Hakuna anayejua oktani ya kilichomo wala kilichochanganywa. Injini ya sasa ina sensa ya kusikia mlio huo wa kugonga. Ikiusikia, kompyuta inachelewesha moto na nguvu inapungua. Kwa hiyo hata leo, bila turbo, esansi mbaya inamwibia Mama farasi. Ukiongeza turbo, esansi ile ile haitaishia kuiba, itavunja. Na joto umelihesabu? Katika kila lita ya esansi, kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja hivi ndiyo inayokuwa kazi. Nyingine huenda kwenye maji ya rejeta, nyingine hutoka na moshi. Ukiongeza farasi 40 kwenye magurudumu, rejeta nayo inaongezewa mzigo wa joto unaokaribia huo. Rejeta ya Probox hii ina miaka mingapi?

MZEE: Na imejaa maji ya ziwa badala ya dawa yake.

MWALIMU: Kuna kisa cha ziwa hili hili, nacho hufaa kukumbukwa na kila anayeongeza nguvu. Desemba 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishusha majini hapa Kalemie boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, walizozileta kutoka Afrika Kusini kwa reli na kwa kuzikokota nchi kavu. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40 na injini mbili za esansi za farasi 100. Tarehe 26 mwezi huo ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Waingereza wakaibadilisha jina, wakaiita Fifi, na wakaifunga mbele mzinga mkubwa kuliko ule iliyokuwa nao. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi ikaifukuza meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Ikafyatua mzinga wake mpya, na kishindo cha kurudi nyuma kikaisimamisha Fifi pale pale majini. Adui akapata nafasi ya kujitenga. Ikabidi Mimi, iliyokuwa nyepesi na yenye mbio, itangulie kumsumbua adui ndipo Fifi imfikie na kumzamisha. Mzinga ulikuwa mzuri. Meli haikuundwa kuubeba.

DEREVA: Naomba niseme na mimi, kwa sababu ninyi mnazungumza mkiwa mmesimama, mimi ndiye ninayekaa ndani. Gari hili usukani uko kulia, na Kongo tunaendesha kulia. Nikitaka kulipita lori sioni mbele mpaka nitoe nusu ya gari kwenye njia ya wanaokuja. Namwuliza abiria aliyekaa kushoto: «Njia ipo?» Maisha ya watu wote humo yanategemea macho ya mtu asiyejua kuendesha. Leo gari likiwa zito najizuia, kwa sababu najua halitamaliza kulipita lori. Mkinipa farasi 40 zaidi, je, nitajizuia? Mimi ni mtu, tajiri ananisubiri na abiria ananihimiza.

KIJANA: Kaka, hilo ni la dereva, si la injini.

DEREVA: Ni la breki. Mwalimu, sahihisha hesabu yangu: gari likitoka kilomita 80 kwa saa likaenda 100, nguvu ya kulisimamisha inaongezeka kwa asilimia ngapi?

MWALIMU: Hamsini na sita. Mwendo huzidishwa kwa wenyewe.

DEREVA: Zaidi ya nusu, na breki ni zile zile, diski mbele na ngoma nyuma, zilizokusudiwa kwa mzigo mdogo kuliko wetu. Halafu nimewahi kuendesha Hilux ya mazutu, 3L, silinda nne bila turbo. Mwenye gari akamwambia fundi afungue pampu, mazutu yaingie mengi. Wiki za kwanza tulifurahi, ilikuwa inavuta. Nyuma yetu moshi mweusi. Kisha ikaanza kuchemka kila mlima, na mwisho silinda hedi ikapasuka mbali na mji.

MWALIMU: Moshi mweusi ni mazutu yaliyokosa hewa ya kuungulia. Unayalipia, yanachemsha injini, hayakubebei gunia.

MAMA: Nimesikia. Basi mwanangu huyu anaota?

KIJANA: Niruhusuni niseme la mwisho. Dereva anasema nguvu inaleta hatari. Na gari linaloishiwa nguvu katikati ya mlima, likaanza kurudi nyuma na watu ndani, hilo si hatari? Sitafuti mbio. Natafuta mvuto wa mizunguko ya chini, gari lipande kwa gia ya pili bila kuunguza klachi. Na kuna jambo jingine. Tukiambiwa kila siku tusiguse ndani ya injini, tutabaki kuwa watu wa kutoa kipande na kuweka kipande. Joginder Singh hakuanzia kwenye kiwanda cha Japani. Alianza na spana. Mimi nataka kujua kwa nini kamshafti ina umbo lile, kwa nini hewa baridi ina nguvu kuliko ya moto, presha gani pistoni hii inavumilia. Nitajifunzia wapi, kama si kwenye gari linalokuja garaji?

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigusa kuliko zote, nami sitaki ipite bila kujibiwa. Kijana ana haki kabisa kuhusu maarifa na amekosea kuhusu gari. Probox ya Mama ni karo ya shule. Haifai kuwa daftari la majaribio. Abiria wanaopanda humo hawakukubaliana na mtu yeyote kwamba leo tunajaribu presha mpya.

Tena nimuonye kijana juu ya kile kinachoonekana kuwa hatua ndogo isiyo na madhara: filta ya koni, ile ya wazi inayong'aa, inayofungwa mahali pa boksi la filta la kiwanda. Wengi huanza nayo kwa sababu inapendeza na injini inanguruma. Boksi la kiwanda huvuta hewa ya nje iliyo baridi na kuzuia vumbi. Koni ya wazi huvuta hewa iliyokwisha kupashwa joto na injini yenyewe, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo mtu amenunua kelele akapunguza nguvu. Zile zinazopakwa oili, ikizidi, huichafua sensa ya hewa aliyoitaja Mzee. Na hapa Kalemie kuna maji. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia bandarini na mitaa iliyo karibu nalo. Koni iliyofungwa chini, gari likipita kwenye dimbwi, hunyonya maji. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta, konrodi inapinda, na injini imekwisha kwa sekunde moja.

Hukumu yangu juu ya gari la Mama ni hii. Lisifungwe turbo. Lipimwe mgandamizo, njia ya hewa na ekzosi zifunguliwe na kusafishwa, kichujio cha VVT-i kitolewe, oili ya daraja la kiwanda itiwe na ibadilishwe kwa wakati, tairi zirudi kimo chake, esansi inunuliwe sehemu moja inayoaminika, na rejeta itiwe dawa badala ya maji ya ziwa. Breki zishughulikiwe kabla ya yote hayo. Mama hatapata farasi 150. Atapata wengi kati ya wale aliouziwa, na naamini watamtosha kupanda mlima akipunguza magunia mawili.

Kwa kijana, hukumu ni tofauti. Afunge turbo, lakini kwenye injini yake. Aipate 1NZ au 3S iliyochoka, aifungue yote, apime kila pistoni, ashushe mgandamizo, aweke kipimo cha hewa na esansi asome mchanganyiko badala ya kuukisia, aanze na presha ndogo, na asimpandishe mtu mwingine mpaka ameiendesha mwenyewe muda mrefu. Ikipasuka, itapasuka mikononi mwa aliyetaka kujua, na kila kipande kilichovunjika kitamwambia kitu.

Wenye garaji wa Kalemie, hapo ndipo ninyi mnapohitajika. Nyuma ya garaji zenu zimelala injini zilizokufa, mnasubiri kuziuza kwa kilo. Mpeni kijana mmoja, pamoja na kipimo cha mgandamizo na kona yenye paa, na mzee mmoja akae karibu naye.